Kumtafutia Nyumba Paka Mzee Mwenye Maradhi: Kazi Inayotangulia Tangazo

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wote.

Mtu anayefika kwenye kituo cha wanyama kutafuta paka, kisha akasita mbele ya paka wa miaka 11 mwenye figo dhaifu, mara nyingi anakwama kwenye maswali manne. Itanigharimu kiasi gani kwa mwezi? Dawa nitampaje? Nikisafiri atabaki na nani? Ana muda gani wa kuishi? Akiondoka bila majibu, hatarudi. Kazi kubwa ya kumtafutia paka mzee nyumba inafanyika kabla ya tangazo, na leo nitakaa hapo zaidi.

Tuanze kwa daktari wa mifugo. Paka mzee akikonda, tusikubali kuambiana kwamba ni uzee. Akila sana huku anakonda, pimeni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na sukari. Akinywa maji mengi na beseni lake la mchanga likalowa kuliko zamani, pimeni figo na sukari. Kwenye figo, damu peke yake inachelewa kusema: kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huichuja kwenye damu, hupanda wakati takriban robo tatu ya uwezo wa figo umeshapotea. Ndiyo maana mkojo nao upimwe uzito wake ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Paka mwenye figo nzima kwa kawaida huvuka 1.035. Na hapa kuna mtego. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi husukuma damu nyingi kwenye figo na kuuficha udhaifu wake, kisha ukiitibu tezi, figo zinajitokeza. Paka akianzishiwa dawa ya tezi, rudieni vipimo vya figo baada ya wiki 4 hivi, kabla ya kumwahidi mlezi kwamba ana ugonjwa mmoja tu.

Meno ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Paka anayedondosha chakula, anayetokwa na udenda, anayekimbilia sahani halafu akaiacha, ana maumivu mdomoni. Wageni wanamwona mkali au mchovu, wanapita. Meno mabovu yang'olewe kituoni, baada ya figo kupimwa na akiwa kwenye dripu, kwa sababu usingizi wa dawa unaweza kuziumiza figo dhaifu presha ikishuka. Paka asiye na jino hata moja anakula chakula laini vizuri tu. Nawasihi: msimtangaze paka mwenye maumivu ambayo mngeweza kuyaondoa. Mnaipunguza bahati yake na mnamtesa bure.

Akiwa na virusi vya FIV, vinavyodhoofisha kinga ya mwili ya paka, elezeni waziwazi kwamba haviambukizi binadamu, kwamba vinapita hasa kwa kung'atana, na kwamba paka wa namna hiyo anaweza kuishi miaka mingi akikaa ndani. Virusi vya FeLV, vya leukemia ya paka, ni vizito zaidi, vinapita kwa mate. Huyo aende kwenye nyumba isiyo na paka mwingine, au yenye mwenye virusi hivyohivyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe kwenye kadi yake, na daktari aikubali hali yake kwanza.

Sasa karatasi. Ukurasa mmoja, usizidi. Andikeni uzito wa leo, kwa sababu paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 ameshapoteza asilimia 5, na mlezi hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho. Andikeni kila dawa, kipimo chake, saa yake, na duka inakopatikana. Andikeni gharama ya mwezi kwa shilingi, kwa bei ya wiki hii, ikiwemo chakula na kipimo cha damu kinachorudiwa. Kuhusu umri wa kuishi, andikeni alichosema daktari, hata kama ni maneno magumu.

Saa za dawa zinahitaji akili ya Dar es Salaam. Insulini inachomwa kila baada ya saa 12. Mtu anayefanya kazi Posta na kulala Mbagala au Bunju anaweza kutoka alfajiri na kukwama kwenye foleni hadi usiku. Huyo peke yake si mlezi wa paka mwenye kisukari, hata awe na moyo mzuri namna gani. Nyumba yenye mstaafu inafaa sana, ila ulizeni ni nani atashika sindano mzee akiugua. Kama dada wa kazi ndiye atakayempa dawa, basi yeye ndiye wa kufundishwa, ana kwa ana. Insulini ikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, na umeme ukikatika iwekwe kwenye chupa ya chai pamoja na barafu iliyofungwa kitambaa, isigusane nayo. Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kuongeza inayofuata. Paka akikataa kula, mpigieni daktari kabla ya kuchoma. Akianza kupepesuka au kutetemeka, huenda sukari imeshuka mno: pakeni asali kwenye ufizi, kisha mbioni kliniki.

Chakula nacho. Katika nyumba nyingi za mji huu paka hula ugali na dagaa. Kwa mwenye figo dhaifu, dagaa ni taabu: mifupa yake imejaa fosforasi, madini yanayozilemea figo, na waliokaushwa kwa chumvi wanaongeza mzigo. Samaki mbichi wa kila siku wanaweza kuharibu vitamini B1, paka akaanza kuyumba kichwa na miguu. Chakula maalumu cha figo kikiisha, kuku asiye na mifupa, aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, anaweza kumvusha siku chache. Mpeni pamoja na mchuzi wake, maana taurini inayolinda macho na moyo huingia kwenye maji ya kuchemshia. Mlo kamili huo si. Kubadilisha chakula kuchukue siku 7 hadi 10, mkichanganya kidogokidogo. Paka asiyekula saa 24 ni simu kwa daktari. Akifika siku 2 apelekwe, hasa akiwa mnene, kwa sababu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemaza.

Tangazo lenyewe ni fupi. Picha moja ipigwe kwa mwanga wa asubuhi, simu ikiwa usawa wa macho yake. Maneno yawe ya namna hii: “Paka jike, miaka 11 kwa makadirio ya daktari, kilo 3.4, amehasiwa. Figo zake ni dhaifu. Anakunywa maji mengi na kukojoa sana. Anawekewa dripu chini ya ngozi mara 2 kwa wiki, dakika 10, na tutakufundisha. Anapenda kulala miguuni mwa mtu. Hapendi mbwa.” Msiandike “msipomchukua atakufa”. Huruma ya namna hiyo huleta mtu leo na kumrudisha paka wiki ijayo, na kila kurudishwa kunamkosesha hamu ya kula.

Akipatikana mtu, ongeeni na mwenye nyumba kabla ya paka kusogea. Nyumba za kupanga ndiko mipango mingi inakovunjikia: mpangaji amekubali, mwenye nyumba anakuja kusikia harufu ya mkojo uani. Ridhaa yake iwe ya maandishi. Kwenye uwanja wa wapangaji wengi, waulizeni majirani kuhusu sumu ya panya. Na paka akiwa mweusi, zungumzeni kuhusu uchawi bila kuzunguka, mbele ya familia nzima, kwa sababu anayeogopa na kunyamaza ndiye atakayeacha mlango wazi. Kwa upande mwingine, pwani hii paka ana heshima ya zamani. Waislamu wengi wanaijua hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi. Mzee wa mtaa akisema neno hilo, linasikika kuliko letu.

Tazameni madirisha. Nondo hazimzuii paka, na wavu wa mbu unachanika kwa kucha. Chumba kimoja kiwekewe wavu wa chuma, na humo ndimo akae siku za mwanzo, na boksi la kujifichia, maji, na beseni la mchanga laini lenye upande mmoja wa chini, sentimita 8 hivi, kwa ajili ya viungo vinavyouma. Beseni lisikae karibu na sahani.

Mpeni kwa majaribio ya wiki 2, matibabu yakiwa bado juu ya kituo, na mkataba useme kwamba akishindikana anarudi kwetu, haendi kwa jirani wala sokoni. Msimkabidhi paka Desemba katikati. Familia nyingi husafiri mikoani, na mgeni mgonjwa anaachiwa mlinzi. Pigeni simu siku ya 3, mkiuliza anakula nini, kiasi gani, na anakojoa wapi. “Anaendelea vizuri” msikubali kama jibu.

Na jambo hili lisemwe kwa kila mlezi, liandikwe kwa herufi kubwa: paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja. Diclofenac na ibuprofen zisiguswe. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin humtia paka degedege.

Sasa tufanye mazoezi ya dripu ya chini ya ngozi. Kwenye meza ile kuna machungwa, mifuko ya maji ya dripu na sindano namba 20. Kila mmoja achome chungwa mara kadhaa mpaka mkono uache kutetemeka. Mlezi mtarajiwa naye afanyiwe hivihivi kabla hajamgusa paka. Maji yapashwe moto kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mfuko utundikwe mita moja juu ya paka, ngozi ya kati ya mabega ivutwe iwe kama hema, sindano iingie sambamba na mgongo. Kwa paka wa kilo 4 daktari huandika mililita 100 hadi 150. Uvimbe laini utateremka kuelekea mguuni na kunywea ndani ya saa kadhaa; mwambieni mlezi mapema, asishtuke. Ila akihesabu pumzi za paka aliyelala zikazidi 30 kwa dakika, maji yasiwekwe tena mpaka daktari ausikilize moyo. Wa mbele mje kwanza, watatuwatatu.