Kabla ya Kufungua Folda: Uainishaji wa Nyaraka Katika Kompyuta za Ofisi

Mhadhara kwa watunza kumbukumbu na makatibu mahsusi, Tabora

Ndugu zangu, nianze na masjala, kwa kuwa wengi wenu mmelelewa humo. Barua ikiingia masjala haiwekwi popote penye nafasi, hutafutiwa jalada lake, na namba ya jalada huonyesha inahusu kazi gani, ndiyo maana anayeandika "Kumb. Na." juu ya barua huwa amekwisha kuiainisha. Kompyuta zilipoingia, nidhamu hiyo tuliiacha mlangoni, na kila mwenye nywila akajifungulia folda apendavyo.

Katika ofisi moja niliyofanya kazi, tulitafuta mkataba wa ukarabati wa ghala kwa siku mbili. Ulikuwa katika folda yenye jina la karani aliyekwisha kuhamia Kigoma, ndani yake folda "Mpya", ndani yake faili "Skani0047".

Taksonomia, pamoja na ugeni wa jina lake, ni mti wa makundi uliokubaliwa na wote kabla ya folda yoyote kufunguliwa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alichapisha wake wa viumbe mwaka 1735. Wetu ni wa kazi, na kiwango cha kimataifa cha kumbukumbu, ISO 15489, nacho huunganisha uainishaji na kazi za taasisi. Watu huhama na idara hubadilishwa majina, lakini ununuzi hubaki ununuzi. Basi ngazi ya kwanza iwe Ununuzi, ya pili Mikataba, ya tatu Ukarabati wa Ghala 2023. Mti ukirefuka kupita hapo, watu huchoka kubofya, na kila kitu huishia kwenye uso wa kompyuta.

Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2023-04-17. Tukianza na siku, kama tulivyozoea, tarehe mosi za miezi yote zitakaa pamoja.

Penye ugumu hasa ni waraka wenye makwao mawili. Hati ya malipo ya mkandarasi ni ya Fedha au ya Ununuzi? Wengi huinakili kote kuwili, nami napinga, kwa sababu baada ya mwezi nakala moja huwa imerekebishwa na nyingine haijaguswa, na mkaguzi (sijui kwa nini) huangukia hiyo ya pili. Ikae pamoja na malipo mengine, na kule kwingine iwekwe njia ya mkato tu, yaani kiungo cha kuifungulia hati ileile bila kuinakili. Folda ya "Mengineyo", ikibidi iwepo, iwe na mtu mmoja wa kuimwaga kila Ijumaa na kupeleka kila waraka kwake.

Kesho asubuhi, kwa hiyo, msifungue folda hata moja. Chukueni karatasi, mkae na wakuu wa idara, muandike kazi ambazo ofisi yenu hufanya.