Namugongo ina wenyeji

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa mahujaji tunaokwenda Namugongo, Uganda, walikouawa mashahidi, habari za nauli na hati za kusafiria makatibu wa jumuiya wameshazieleza, sitazirudia. Mimi naomba tuzungumze juu ya watu tutakaowakuta ng'ambo ya Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda.

Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882 wamisionari wakalazimika kuondoka, wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, wakaweka makazi Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi hadi Julai 1885. Muda wote huo Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre wa kuwasomea misa wala kuwaungamisha. Na bado wakaongezeka! Walikutana majumbani, aliyejua sala akamfundisha jirani yake. Ikulu kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwalea vijana katika imani mpaka alipouawa Novemba 1885, na Karoli Lwanga akaipokea kazi hiyo. Mei 1886, kule Munyonyo, kifo kikiwa mlangoni, ni Lwanga huyo huyo, mlei, aliyewabatiza wenzake usiku. Kizito alikuwamo, kijana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Basilika tutaiona, yenye umbo la nyumba ya asili ya Kiganda na nguzo zake 22, kwa idadi ya mashahidi waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Ni nzuri mno. Lakini inanisikitisha kuona vikundi vinavyofika usiku, vinalala ndani ya basi, vinasikiliza misa, vinachota maji ziwani pale, vinanunua rozari na kugeuza. Wamewaheshimu mashahidi, ila wajukuu wa mashahidi hawakuwapa hata mkono. Kanisa lile lilitunzwa majumbani; mimi sioni namna ya kulifahamu bila kuingia majumbani.

Ndiyo maana tumeomba kulala kwa waamini upande wa Masaka. Nimewahi kupokewa huko. Mama mwenye nyumba alipiga magoti kutusalimia, kisha akafunua matoke kwenye majani ya mgomba, mvuke ukapanda, na mchuzi wa karanga pembeni. Baada ya chakula tukasali rozari. Wao walianza, "Mirembe Maria," sisi tukapokea, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Hakuna aliyehitaji mkalimani, na watoto ndio waliotushinda kwa sauti.

Basi msikimbilie kulala. Waulizeni wazee habari za Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyepewa uaskofu mwaka 1939 na kukabidhiwa Masaka, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya maaskofu kutoka Ulaya. Wanamzungumzia kwa fahari, na wana haki. Tukifika Namugongo, tutatembea pia hadi kwa Waanglikana, hapo hapo jirani, tusali nao. Moto ulikuwa mmoja.

Zawadi tubebe kahawa yetu ya Kagera, na wimbo mmoja tunaoujua vizuri. Kila familia iandike majina na namba za simu za wenyeji wake, maana nao tunawaalika kuhiji Nyakijoga, kituo chetu cha hija cha Bikira Maria hapa Kagera. Kamati ya mapokezi naomba ibaki hapa baada ya misa, tuanze kupanga nani atalala wapi.