Mashua Iliyobaki Asilimia Kumi

Asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na naona pale nyuma wameshaanza kucheka kabla sijafika popote. Chekeni. Nitaacha kulisema siku nitakayoingia kwenye kikao cha timu ya gemu nisimsikie mtu akisema "imebaki kidogo tu."

Basi, mashua.

Tulikuwa karibu watu mia mbili. Gemu yetu ilikuwa na ziwa, na mbunifu mmoja akasema ziwa bila mashua ni dimbwi kubwa tu. Tukakubali. Mimi ndiye niliyekuwa prodyuza, yaani msimamizi wa ratiba na kazi za timu, nikaiweka mashua kwenye ratiba: wiki sita. Wiki ya tano nikauliza imefika wapi. Asilimia tisini. Nikafurahi mno. Miezi saba baadaye nikauliza tena. Asilimia tisini.

Na hakuna aliyenidanganya! Mchoraji alikuwa amemaliza kweli: mbao, kamba, hata kutu ya misumari. Mhuishaji amemaliza, mhusika anapiga kasia utadhani kazaliwa pwani. Mwandishi wa programu amemaliza, chombo kinaelea na kukata kona. Mtu wa sauti naye amemaliza. Kila mmoja kaweka alama ya vema kwenye jedwali lake akaenda zake. Lakini ukihifadhi mchezo katikati ya ziwa, ukiufungua tena unamkuta mhusika ameketi juu ya maji, kasia mkononi, mashua haipo. Adui akikufuata, anatembea kwenye sakafu ya ziwa kama yuko barabarani. Halafu mawimbi ya hiyo mashua yalikuwa yanakula milisekunde 9. Tulikusudia fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde 33 za kugawana ulimwengu mzima: miti, maadui, mwanga, kila kitu. Mashua peke yake imechukua zaidi ya robo.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chetu hakikuwa na nahodha hata mmoja. Kilikuwa na mafundi kumi na mmoja, na hakuna aliyepewa kazi ya kukipanda na kuvuka nacho.

Ndipo nikapiga marufuku asilimia. Swali likabaki moja: umevuka ziwa? Kwa toleo la leo, kwenye konsoli, mashine ya kuchezea gemu, ile ile atakayokuwa nayo mchezaji, si kwenye hiyo kompyuta ya kifahari mezani kwako. Umehifadhi katikati, umefungua, umefika ng'ambo? Ndiyo au hapana. Na kila kitu ndani ya gemu kikapata mwenyewe mmoja, kwa jina. Wiki ya kwanza ratiba nzima iligeuka nyekundu. Wakubwa wakaniita wakiuliza nimeharibu nini. Sikuharibu kitu. Niliwasha taa tu.

Najua kuna anayesema moyoni: huyu ni mtu wa majedwali, ubunifu haupimwi hivyo, na kazi nzuri huchelewa. Tena atanitajia gemu ya Half-Life. Haya. Valve, kampuni iliyoitengeneza, walikuwa waitoe mwaka 1997, wakaona haijawaridhisha, wakaisuka upya, ikatoka 1998 na ikasifiwa kila kona. Lakini angalia walifanya nini: waliicheza, wakakiri haifai. Hilo ndilo ninaloliomba! Gemu ya Duke Nukem Forever nayo ilitangazwa mwaka huo huo wa 1997. Ilitoka 2011, na wahakiki wengi wakaiponda. Kwa hiyo usiniambie kuchelewa ni dawa. Kuchelewa huku unajua kinachokuchelewesha ni jambo moja, kuchelewa gizani ni jambo jingine.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na mambo manne zaidi, nitayapitia mbio.

Kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Fanyeni hesabu wenyewe: watu 10 wana jozi 45 za kuzungumza, watu 200 wana jozi 19,900. Kila prodyuza anaijua hesabu hii, na kila prodyuza akibanwa anaomba watu ishirini. Mimi pia niliomba. Nikapewa, bahati mbaya.

Kukata vitu kwenye gemu. Kata mapema, kabla mtu hajatia kutu kwenye misumari. Ukimwambia mchoraji baada ya miezi minane kwamba kazi yake haitaonekana, atakuitikia vizuri, na kuanzia siku hiyo hatakupa tena kazi yake yote. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu.

Ovataimu nilitaka kuisema kwa kirefu. Niseme hivi tu: hitilafu iliyotuchukua siku nyingi zaidi kuitafuta iliandikwa saa nane usiku, na aliyeiandika hakukumbuka kuiandika. Ratiba za wajaribu, wale wanaoicheza gemu kutafuta hitilafu, tutaziacha.

Mashua? Ah, bado mnaidai. Iko kwenye gemu mpaka leo. Tuliifunga gatini kwa ile kamba nzuri, haipandiki. Na tangu gemu itoke, swali tunaloulizwa na wachezaji kuliko yote ni lini tutawaruhusu waifungue.

Haya, mikono juu, na asiniulize mtu imebaki kiasi gani.