Deni la shimo na kikohozi cha kijana

Jambo yenu bote, baba na mama, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango.

Hapa Lubumbashi mwanaume hupimwa kwa mfuko wa unga anaoingiza nyumbani. Zamani kipimo hicho kilikuwa na tegemeo: Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilimpa baba mshahara, posho, nyumba, hospitali na shule ya watoto. Kisha mwaka 2003 ukaanza mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari (hiari gani, wenyewe mnajua), na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka. Kazi ikaenda, kipimo kikabaki. Wengi wa watoto wao wa kiume wakakifuata hadi kwenye mashimo ya shaba na kobalti.

Sheria ya migodi ya 2002, ilivyorekebishwa 2018, inamruhusu Mkongomani mtu mzima mwenye kadi ya mchimbaji, aliye mwanachama wa ushirika ulioidhinishwa, achimbe kwa mikono ndani ya eneo lililotengwa. Wengi hawana kadi wala eneo, kwa hiyo hata wakidhulumiwa hawana pa kushtaki.

Dhuluma yenyewe huanza kimyakimya. Kijana huingia mikono mitupu. Mfadhili analisha timu, ananunua kamba, tochi, nyundo na tindo, na wiki nyingi zinaweza kupita kabla ya kuufikia mshipa wa madini. Siku ya kuuza, gharama hizo zinakatwa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kwenye depo, yaani kwa mnunuzi wa madini, mzigo unapimwa uzito, kisha mashine ambayo wachimbaji huiita metorex inasoma asilimia ya madini. Bei hufuata asilimia hiyo, na juu yake bado unakatwa unyevu. Kijana asiyeandika kitu hawezi kubishana na hesabu yoyote. Wekeni madaftari mawili, moja la mfadhili, moja la timu, na kila kilo ya unga iandikwe siku ileile inapoletwa. Anikeni madini. Sampuli itoke katika mifuko kadhaa, juu na chini, na isomwe kwenye depo mbili kabla ya kukubali bei.

Sasa kifua. Duniani kote kifua kikuu huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na vumbi la mawe, likikaa kwenye mapafu, huongeza hatari hiyo. Lakini mwanaume hukohoa akisema ni baridi, kwa sababu siku ya kupanga foleni kliniki ni siku isiyo na unga. Kikohozi kikifika wiki 2, makohozi yapimwe. Dawa zake hazilipiwi. Kwa kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6: miwili ya kwanza dawa 4, minne inayofuata dawa 2. Mambo huharibika karibu na mwezi wa pili: nguvu zinarudi, kijana anarudi machimboni, vidonge vinaachwa, na vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu. Asiyeweza kukaa mjini aombe karatasi ya uhamisho, aendelee na dawa kwenye kituo kilicho karibu na shimo. Watu anaolala nao nyumba moja wapimwe pia, watoto wadogo kwanza.

Kuhusu mahari nitasema kidogo, maana wazee wananitazama. Sheria ya familia inakubali ndoa ifungwe mahari ikiwa imetolewa angalau sehemu. Wakwe wapokee sehemu hiyo, na mbuzi waliobaki waandikwe.