Klachi Yako Imekaa Juu Mno

Kamwene! Asanteni kwa kuja, madereva wa bodaboda. Najua Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya abiria wa sokoni, na kila dakika mnayokaa hapa hesabu ya tajiri mwenye pikipiki inasubiri. Kwa hiyo utangulizi mrefu sina, na habari za ajali na helmeti leo siziongelei, mmeshaambiwa na wengine. Nimekuja kwa ajili ya mikono.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Lakini mnaona sikushika dawa ya kuchua, nimeshika spana namba 10. Jambo hili nimelisema vijiweni mpaka wengine wananiita Mama Spana, na nitalisema tena: wengi wenu mnaoamka usiku mkikung'uta mikono, ganzi hiyo mnaipata kwa namna klachi na breki zilivyofungwa kwenye usukani wa pikipiki. Kuzifungua na kuzifunga upya hakuzidi dakika tano.

Naona mnatazamana. Haya, wekeni simu mfukoni. Inueni mikono mbele ya kifua, gusanisheni migongo ya viganja, vidole vielekee chini, kinyume kabisa cha mtu anayeomba. Mkae hivyo hivyo dakika moja, mimi naangalia saa. Kipimo hiki kina jina la daktari wa mifupa wa Marekani, George Phalen, na hospitalini tunakitumia kila siku.

Mkiwa mmekaa hivyo, sikilizeni. Kwenye kifundo cha mkono kuna kijia chembamba. Chini na pembeni ni mifupa, juu yake umepita utepe mgumu usiovutika. Ndani ya kijia hicho zinapita kano tisa za kukunja vidole, na pamoja nazo unapita mshipa mmoja wa fahamu, ule unaohudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kumi ndani ya mlango mmoja, na huo mshipa ndio laini kuliko wote. Ukikunja kifundo, iwe kwenda juu au kwenda chini, nafasi inabana na mshipa unaminywa.

Shusheni mikono. Nani amesikia ganzi? Wewe wa koti la kijani, hata nusu dakika haikufika ukaachia, nimekuona. Na wewe. Na hawa watatu wa nyuma. Sasa fikirini: mmekunja kifundo kwa dakika moja mkiwa mmetulia, hakuna mtetemo, hakuna gunia la viazi mgongoni. Barabarani mnakikunja kwa muda wa saa kumi na mbili.

Twende kwenye pikipiki hii. Kaka, panda, kaa kama unavyokaa ukiwa na abiria. Shika usukani. Weka vidole viwili kwenye klachi. Msimame muone, nyuma msogee. Ona chuma cha klachi kimelala sawasawa, kinaelekea mbele kama meza. Ili vidole vikifikie, mgongo wa kiganja umepanda juu na kifundo kimekunjika. Hapo hapo ndipo mlango unapobana. Na kila akibadilisha gia, anavuta waya mgumu huku kifundo kikiwa kimekunjwa hivyo, na kano zinasugua mle mle ndani. Mjini Njombe hapa, kutoka stendi mpaka hospitali, klachi unaivuta mara ngapi? Hesabu mwenyewe ukirudi kazini.

Nilianza kulijua hili kwa kijana mmoja aliyekuwa anapeleka abiria njia ya Ludewa. Mnaijua njia ile, kona na mteremko. Alikuja kwangu baada ya miezi mingi ya kuhangaika. Alikuwa amekunywa diklofenaki, dawa ya maumivu, mpaka tumbo likaanza kumchoma, amechuliwa mkono kwa mafuta ya kila aina, amekwenda kwa mganga akaambiwa kuna mwenzake wa kijiweni amemfunga mkono ili amchukulie wateja. Na aliamini! Alishaacha kusalimiana na yule mwenzake. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, ilibaki miezi minne iwe yake, na alikuwa anafikiria kuirudisha kwa tajiri kwa sababu usiku halali. Mkono wa kushoto unawaka, anaamka, anaukung'uta, unatulia, anasinzia, unawaka tena.

Nilimpima kama nilivyowapima ninyi. Nikampa kibao cha kufunga usiku ili kifundo kisikunjike akiwa amelala, maana wengi tunalala tumekunja mikono chini ya shavu. Nikamfundisha mazoezi. Akarudi baada ya wiki tatu, usiku nafuu kidogo, mchana vile vile. Mimi ningeendelea na mazoezi yangu mpaka leo kama si kwamba siku hiyo nilimsindikiza nje nikamwona akipanda pikipiki yake. Nikamwambia, simama hapo hapo, usiwashe. Nikaona kifundo kimepanda kama shingo ya bata anayetaka kuruka. Wiki tatu nanyoosha mkono kwa nusu saa ndani, halafu yeye anatoka nje anaukunja kutwa nzima!

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa na spana. Tukalegeza bolti ya kishikio kinachobana klachi kwenye usukani, tukakizungusha kishuke, tukakaza. Nilimwambia akae, alegeze mabega, anyooshe vidole vyote kama anaonyesha njia. Tukashusha chuma mpaka kikaja chini ya vidole vyenyewe bila yeye kuvifuata. Mkono kuanzia kiwiko, kifundo, mpaka ncha za vidole, mstari mmoja. Tulipomaliza akaivuta klachi mara mbili tatu, akaniangalia, akasema, "Hii ni pikipiki nyingine." Kibao cha usiku aliendelea nacho, sitaki mdhani spana peke yake ndiyo ilimponya. Ila baada ya mwezi alikuwa analala. Pikipiki aliimaliza, ni yake. Na mwenzake walipatana, hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Sasa najua mnachotaka kusema, maana nimekwisha ambiwa. Cha kwanza: "Daktari, imetoka kiwandani hivyo, wao ndio wanajua." Haikutoka kiwandani hivyo! Pikipiki hizi zinafika kwenye makasha, na usukani unafungwa na fundi wa huku huku. Fundi ana pikipiki nyingi za kufunga siku hiyo, hajui urefu wa mkono wako, anaweka klachi ilale vizuri machoni pa mnunuzi. Wewe unapokea, unapanda, miaka mitano hujawahi kuigusa. Kiti cha gari kila dereva anakivuta mbele na nyuma kabla ya kuwasha. Usukani wa pikipiki nani kawaambia ni dhambi kuugusa?

Cha pili: "Pikipiki si yangu." Sikwambii ukate wala uchomelee. Bolti moja inalegezwa, inakazwa. Tajiri hata hatajua.

Cha tatu, na hiki kinaniudhi: "Ndiyo kazi, lazima iume." Hapana. Nani aliyesema? Jembe likikuumiza mkono unalichonga mpini. Baba zenu walikuwa wanachonga mipini mpaka ikae mkononi, na mlikuwa mnawaona.

Namna ya kufanya, sikilizeni vizuri. Kwenye nyingi za pikipiki hizi za cc 125 na 150, kioo cha pembeni kimefungwa kwenye kishikio hicho hicho, kwa hiyo ukizungusha klachi kioo nacho kinahama, kirudishe mahali pake kabla hujaingia barabarani. Upande wa breki ya mbele fanya hivyo hivyo, lakini kama ni breki ya mafuta usiguse bomba lake, na kikopo cha mafuta kisilale upande. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, hakikisha hakuna waya unaovutwa. Na bolti usiikaze kwa hasira. Ikaze ishike, lakini pikipiki ikianguka kishikio kizunguke badala ya chuma kuvunjika.

Kisha waya wenyewe. Waya mkavu unakufanya uvute kwa nguvu maradufu. Uchomoe upande wa juu, usimamishe wima, funga kipande cha mfuko wa plastiki kama faneli, tia oili nyepesi kidogo kidogo, acha ishuke yenyewe mpaka itokee chini. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, nunua mwingine. Ukirudisha, acha uhuru kidogo kwenye ncha ya klachi, milimita 10 hadi 20, kabla haijaanza kushika. Na kwenye foleni weka nyutro. Kuna watu wanashikilia klachi kwenye makutano kama wanaogopa itakimbia.

Mkono wa kulia una kesi yake. Huo unaumia kwa kuvuta moto. Mkishika eksileta ikiwa imefungwa na kifundo kikiwa kimenyooka, mkivuta moto kinashuka chini, kinakunjika, na mnakaa hivyo kilomita nzima za kupanda mlima. Shikeni eksileta kiwiko kikiwa kimeinuka kidogo, ili ukishavuta moto ndipo kifundo kinyooke. Na msikabe usukani. Ninyi watu wa parachichi, mnajua mnunuzi anavyolishika tunda lililoiva akilikagua: hawezi kuliangusha, na hawezi kuliminya. Shika hivyo.

Kuna wale wanaoniambia ganzi yao iko kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Huo ni mshipa mwingine, unapita kwenye kiganja upande wa kidole cha mwisho, na unabanwa pale unapoegemea usukani kwa kitako cha kiganja. Na kwa nini unaegemea? Kwa sababu abiria anakusukuma. Mteremko, abiria wawili, breki, wote wanateleza mbele na uzito unaishia kwenye viganja vyako. Bana tangi kwa magoti, tumia gia kushusha mwendo, mwambie abiria ashike chuma cha nyuma. Mishikaki nimeshaikemea sana, leo naitaja kwa ajili ya mikono yenu tu.

Mtetemo, na hili ni la Njombe hasa. Injini hizi zina silinda moja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hizo ni mara 100 kwa sekunde, na zote zinapanda usukani. Mwaka 1918 daktari mmoja wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford, jimbo la Indiana, kuwaangalia wachonga mawe waliokuwa wakitumia nyundo za hewa. Akawakuta vidole vinakuwa vyeupe na vinakufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. Pikipiki haitetemi kama nyundo ile, nakubali. Lakini baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua, na mtu anatoka saa kumi na moja alfajiri mikono mitupu. Baridi inabana mishipa ya damu, mtetemo unaongeza juu yake. Vaeni glavu zinazokaa mkononi, si zile nene za kubebea matofali, maana hizo zinawafanya mkabe zaidi. Waliokata madumu ya plastiki wakakinga upepo mbele ya mikono, mmefanya la maana, mradi dumu lisizuie klachi wala breki. Na bolti za injini zikilegea mtetemo unaongezeka. Vile vyuma vizito vya mwisho wa usukani viliwekwa kupunguza mtetemo, vikipotea virudishwe.

Naoneshwa saa. Mazoezi basi nitayaruka, nitayaonyesha kwa atakayebaki, isipokuwa moja: kila ukishusha abiria, kabla hujapokea hela, fungua na funga viganja mara kumi na uzungushe mabega. Dawa za maumivu za kila siku bila ushauri acheni, tumbo na figo vinaumia. Hilo nalo lilihitaji saa nzima, na saa sina.

Ila hili siliruki. Ganzi inayokuja na kuondoka bado ina muda. Ganzi inayokaa kutwa nzima, kuangusha vitu, kushindwa kufunga kifungo cha shati, au ukitazama mzizi wa gumba unaona nyama imebonyea kuliko mkono wa pili, usingoje msimu wa viazi uishe. Alikuja kwangu baba mmoja, miaka hamsini na kitu, nyama ya gumba imekwisha kukauka. Alipasuliwa, ule utepe ukakatwa ili mshipa upumue, na maumivu ya usiku yalikwisha. Gumba halikurudi na nguvu zake. Hawezi kushika kikombe kwa mkono ule. Akaniuliza kama angekuja mapema ingekuwaje, na mimi nilimjibu ukweli. Hospitalini ombeni na kipimo cha sukari, maana kisukari nacho huleta ganzi hii, na mara nyingine shida inaanzia shingoni, kwa hiyo msijitibu kwa kusikia.

Spana ninazo nne, na fundi wetu yuko pale chini ya mti na oili. Wewe wa koti la kijani, lete pikipiki yako kwanza. Panda, legeza mabega, nyoosha vidole. Wengine sogeeni mwone.