Ada Inapanda, Taarifa Haishuki

Mbukwenyi! Naona wa Kongwa na Mpwapwa mmeitikia, wa kutoka Mwanza mmebaki mnatazamana. Mtazoea. Wazee wangu mlionitangulia kazini, shikamooni. Vijana wa ajira mpya, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa.

Nimeombwa nizungumzie demokrasia ndani ya chama cha walimu. Nadhani waandaaji walitaka niseme habari za Mkutano Mkuu: nani agombee, nani apumzike, kambi ya nani ina wajumbe wangapi. Hayo mnayasoma magazetini. Mimi nimekuja na habari za kabati langu.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi huko Kondoa, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Chemba. Chama kilikuwa kichanga. Wenzangu wakanichagua mwakilishi wao kwa kunyoosha mikono, tukiwa chini ya mti kwa sababu ofisi haikututosha. Nikatumwa wilayani na mambo matatu: madaraja ya walimu kazini yaliyochelewa kupanda, fedha za uhamisho ambazo hazijalipwa, na nyumba ya mwalimu iliyoezuliwa na upepo. Nikadandia lori la mahindi mpaka mjini. Mkutanoni nikasema moja tu, la madaraja, muda ukaisha. Nikapewa posho na kabrasha, nikala wali kwa nyama, nikarudi. Kabrasha nikalifungia kabatini.

Mwezi ukapita. Siku moja mwalimu wa darasa la kwanza, mama mmoja mpole sana, akanikuta njiani na ndoo yake kichwani. Akaniuliza, "Mwalimu, kule ulitusemea?" Nikamjibu, "Tulizungumza mengi." Hakuniuliza tena. Uchaguzi uliofuata hakuja kupiga kura, na sikuwa na mdomo wa kumlaumu.

Tangu hapo nimelisikia jibu hilo kwa wajumbe wa kila ngazi, wengine wakiwa na suti nzuri kuliko yangu. Tulizungumza mengi. Tunasema mjumbe hauawi, na ni kweli, lakini mjumbe tunayemsema hapo ni yule anayepeleka na kurudisha. Sisi tumebaki na nusu ya ujumbe. Kura inapanda kutoka shuleni kwenda wilayani, mkoani, taifani. Ada nayo inapanda. Taarifa haishuki.

Angalieni ada inavyopanda. Asilimia mbili ya mshahara mnaijua, mnaiona kila mwezi kwenye hati ya malipo. Tuseme mwalimu anapata laki nane: hiyo ni shilingi 16,000 kwa mwezi, 192,000 kwa mwaka. Shule ya walimu 22 wa mshahara huo inatoa zaidi ya milioni nne kwa mwaka. Ingekuwa mtu anakuja shuleni na kitabu cha stakabadhi kuzikusanya hizo milioni nne, asingemaliza kunywa chai kabla hajaulizwa za mwaka jana zilikwenda wapi. Lakini haji mtu. Mwajiri anakata, hela inaingia. Sipingi makato hayo. Bila hayo chama kisingefika mwezi wa tatu. Nasema tu kwamba yamemwondoa yule mgeni wa kila mwezi ambaye tungemuuliza maswali, na hatukuweka mtu mwingine kwenye kiti chake.

Wapo watakaosema ndivyo vyama vilivyo, tangu zamani. Hapana, zamani kulikuwa kubaya zaidi. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lilivunjwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa kwa sheria. Katibu Mkuu wake hakuchaguliwa na wafanyakazi, aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Yaani ukitaka kumlalamikia waziri, unakwenda kwa katibu wa chama, unamkuta ni yeye! Mahali pake ikaja jumuiya ya wafanyakazi, JUWATA, kisha ikaja OTTU mwaka 1991, nayo ya wafanyakazi wote, ndipo walimu wakajitenga na kuanzisha Chama cha Walimu Tanzania mwaka 1993. Kwa hiyo haki ya kumchagua kiongozi wetu wenyewe ina umri mdogo kuliko baadhi yenu mliokaa humu. Inaumiza ukiona tumeipata tukaishia kuitumia siku moja katika miaka mitano.

Sasa sheria. Vijana, kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inagusa utumishi wa umma pia, msidanganywe kwamba ni ya viwandani. Kifungu cha 62 kinahesabu wawakilishi wa chama mahali pa kazi, isipokuwa kama mkataba wa pamoja wa chama na mwajiri umepanga vinginevyo. Wanachama mmoja hadi tisa, mwakilishi mmoja. Kumi hadi ishirini, watatu. Ishirini na mmoja hadi mia moja, kumi.

Wangapi?

Kumi. Nimesikia mtu pale nyuma anaguna. Ile shule yetu ya walimu 22 ina haki ya wawakilishi kumi, na mkivuka mia moja wanakuwa kumi na watano, angalau watano kati yao wa kuwawakilisha wanawake kama wapo. Anyooshe mkono ambaye shuleni kwake wapo zaidi ya mmoja. Nawaona wanne. Ukumbi mzima!

Na huyo mmoja wengi wenu mlimpataje? "Mwalimu fulani ana pikipiki, yeye ataenda mjini." Au, na hili nalisema kwa heshima kwa sababu nami nimewahi kuwa mwalimu mkuu, mkuu wa shule ndiye alisimamia uchaguzi. Mwalimu mkuu ni mwalimu, anakatwa asilimia mbili kama wewe, ana haki zake. Lakini ndiye anayepanga zamu na kuandika barua ya kukutaka ujieleze. Mikono ikinyooshwa mbele yake, haihesabiwi tu, inakumbukwa. Makaratasi ya kura hayagharimu kitu. Daftari moja la mazoezi linatosha shule nzima, na boksi tupu la chaki ndilo sanduku.

Kifungu cha 51 ni cha hesabu. Kila mwaka chama kinatakiwa kikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, ripoti ipelekwe kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao, na kwa Msajili wa vyama hivi, na mwanachama aweze kuikagua ofisini. Mwanachama, si mjumbe wa mkutano mkuu peke yake. Wewe mwalimu wa sayansi kule Bahi unaweza kuingia ofisi ya chama, ukasalimia vizuri, ukasema: naomba kuona ripoti ya ukaguzi. Najua utaulizwa umetumwa na nani. Jibu ni rahisi, umetumwa na hati yako ya mshahara. Na chama kikikiuka katiba yake chenyewe, mwanachama anaruhusiwa kwenda Mahakama ya Kazi. Simshauri mtu aanzie huko. Mlango wa mwisho usiutumie kama wa kwanza.

Kuna kundi moja linanisumbua usingizi: wanaokatwa bila kuwa wanachama. Sheria inaiita ada ya uwakala, kifungu cha 72. Chama chenye wengi kinajadiliana kwa niaba ya wote, basi asiye mwanachama naye achangie, asile matunda ya mti asioumwagilia. Mantiki naikubali. Lakini nimekutana na vijana waliofanya kazi miaka mitatu wakidhani ni wanachama kwa sababu makato wanayaona, kumbe fomu ya TUF 6, ile ya mwanachama kuridhia akatwe ada, hawajawahi kuiona kwa macho. Siku ya uchaguzi wanaambiwa majina yao hayamo. Anachangia, hana kura, na hakuna aliyewahi kumweleza tofauti. Huyo ndiye kesho atakwenda chama kingine, nasi tutasema vijana hawana uvumilivu.

Mtaniuliza, je, walimu wenyewe wanataka kuulizwa? Mwaka 2012, kabla ya mgomo wa walimu ulioanza Julai 30, karatasi za kura ya kugoma au kutogoma zilifika mpaka shule ambazo gari la mkaguzi lilikuwa halijawahi kufika. Mgomo ule mahakama iliusimamisha baada ya siku chache, na uamuzi wake kila mtu ana maoni yake. Mimi nakumbuka jambo dogo: walimu ambao kwa miaka hawakuhudhuria kikao hata kimoja walikuja na kalamu zao mfukoni. Walikuwa na jambo la kujibu, na swali lilikuwa limewafikia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilibakiza la kabati.

Nilipostaafu tulihamisha vitu, nikalikuta lile kabrasha. Panya walikuwa wamekula pembe. Ndani mlikuwa na azimio namba nne, kwamba halmashauri ilipe madeni ya uhamisho ya walimu wa tarafa yetu kwa awamu, na walimu wawasilishe vielelezo vyao ndani ya siku sitini. Yule mama alikuwa na vielelezo vyote. Alivihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro, aliwahi kunionyesha.

Nimelileta, lipo hapa mezani. Atakayetaka kulitazama wakati wa chai, karibu.