Chai Isiyonyweka: Kutengeneza Vinywaji Bandia vya Maonyesho

Habarini za mchana. Asanteni kwa kunialika. Naona hapa wapo watu wa jukwaani, wapambaji wa maduka, na wanaoandaa vibanda vya Sabasaba. Wa jukwaani sina mengi kwenu: mwigizaji akitakiwa kunywa, mpeni kinachonyweka. Wiski ya jukwaani ni chai ya rangi iliyopoa, na sijasikia mtazamaji akidai kiingilio chake. Leo nazungumzia kinywaji cha kukaa mezani wiki nzima chini ya taa bila kukauka, kuchacha wala kuita nzi.

Wengi wetu hukimbilia rangi. Mtu atahangaika mchana kutwa mpaka ukwaju wake ufanane na ukwaju. Lakini jicho huukamata uongo ukingoni. Chunguzeni maji kwenye glasi: yanapokutana na kioo, yanapanda kidogo. Kinywaji chenye uso bapa mpaka ukutani, mtu atakikataa kabla hata hajajua kwa nini.

Kwa hiyo mimi hutumia epoksi, ile resini ya chupa mbili, moja ya plastiki ya majimaji na nyingine ya dawa ya kuigandisha, kwa sababu ikiwa bado laini nayo huupanda ukuta wa glasi, halafu inagandia hapo hapo. Jelatini ni rahisi, ila kwa joto la pwani hii itaota ukungu na sisimizi watafika kabla ya wateja.

Epoksi ina tabia zake. Inapoganda hutoa joto. Ukijaza glasi kwa mkupuo mmoja itachemka, itageuka njano, pengine na glasi ipasuke. Mimina tabaka jembamba, subiri lishike, ongeza jingine. Koroga polepole, maana ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa. Tena epoksi hupinda mwanga kuliko maji, karibu sawa na kioo chenyewe, hivyo ukuta wa ndani wa glasi hupotea machoni na kinywaji huonekana kinene kupita kiasi. Chagua glasi nyembamba. Na usiiweke juani, itageuka njano.

Barafu ndiyo inayowaumbua wengi. Vipande vya barafu bandia vya akriliki, ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, ni vizito kuliko epoksi, ukivitumbukiza vinazama, na barafu iliyolala chini ya glasi nani kaiona? Barafu halisi huelea, sehemu kama moja ya kumi ikichungulia juu. Subirini tabaka la mwisho lianze kuwa zito kama asali, ndipo mpachike vipande, ncha zikiwa nje.

Soda ya baridi nayo lazima itoe jasho. Maji ya kawaida yatakauka kabla kibanda hakijafunguliwa. Changanya gliserini na maji nusu kwa nusu, nyunyizia chupa kwa nje. Matone yatashinda pale pale, kwa sababu gliserini haikauki upesi. Kahawa ya maziwa ndiyo rahisi kutengeneza kuliko vyote, haipitishi mwanga, kwa hiyo inasitiri mengi. Iwekeeni viputo vichache tu, tena pembeni, vinakopenda kukaa.

Walioifanya kazi hii ikawa biashara kubwa ni Wajapani. Iwasaki Takizo alianzisha kampuni yake Osaka mwaka 1932, akiuzia migahawa vyakula vya nta. Nta haipendi joto, na baadaye mafundi wakahamia plastiki. Mji wa kwao Iwasaki, Gujo Hachiman, mpaka leo unasifika kwa kazi hiyo. Nawasifu kwa jambo moja hasa: bia yao ina povu lililoanza kushuka. Sisi tunaweka povu la sabuni, limesimama wima, halina dalili ya kuguswa na mtu.

Kabla hamjasogea mezani, vaeni glavu, na madirisha yale yafunguliwe. Dawa ya kugandisha huwasha ngozi, na ngozi ikishaikataa, inaweza kuikataa maisha. Glasi zenye resini msizirudishe jikoni. Na kila chupa bandia ibandikwe chini yake karatasi inayosema hainyweki. Watoto hupita vibandani, nao hawasomi uso wa kinywaji kama sisi. Dada uliye karibu na mlango, tuletee zile glasi nyembamba.